Kulijaribu Ford Model T barabarani na kuutambua ubovu wake: mwongozo kamili

Gari likifufuliwa baada ya kulala bandani miaka mingi, mwenyewe huwa na hamu moja: kulitoa barabarani siku hiyohiyo watu walione. Hamu hiyo naijua. Lakini Ford Model T halijaribiwi kwa kupiga resi na kuzunguka mtaa. Ndani yake kuna sehemu moja ambayo ikiachia, breki ya mguu inaondoka pamoja na gia kwa mpigo mmoja, na kama uko kwenye mteremko hutapata hata muda wa kujiuliza kimetokea nini. Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio wake na naomba uufuate ulivyo: kwanza vitu vinavyoweza kukuua wewe, kisha vinavyoweza kuua injini, halafu ndipo twende kwenye misi (silinda kuruka mlipuko wake) na kelele za kawaida.

Nimelichagua gari hili kwa sababu ndilo la zamani ambalo fundi ana nafasi kubwa kuliko yote ya kukutana nalo. Lilianza kuuzwa Oktoba 1908, uzalishaji ukasimama Mei 1927, na katikati hapo yalitengenezwa zaidi ya milioni 15. Ya huku kwetu mengi yana usukani kulia kwa kuwa yalitoka Ford ya Canada, iliyouza katika makoloni ya Waingereza. Injini ni ya silinda nne, lita 2.9, nguvu ya farasi 20, na mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Halina pampu ya petroli, halina pampu ya oili, na ukiacha yale machache ya mwanzo kabisa, halina pampu ya maji. Petroli inashuka yenyewe kutoka tangini, oili inarushwa na flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, maji yanazunguka kwa sababu ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya magonjwa yake.

Chukua daftari na kalamu. Rekebisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uende kwenye kingine. Fundi anayegusa kabureta, koili na plagi kwa pamoja hata gari likipona hajui limeponyeshwa na nini, na likiugua tena anaanza sifuri.

Miguu yako ijifunze upya

Kuna pedali tatu. Ya kushoto ukiikanyaga hadi chini unapata gia ya nguvu, yaani ya polepole. Ukiiachia kabisa, huku mkono wa breki umesukumwa mbele, unapata gia ya mwendo. Ikiwa katikati, gari liko huru. Pedali ya kati ni rivasi. Ya kulia ni breki. Resi haiko mguuni: ni kimkono kilicho chini ya usukani upande wa kulia, kikishuka injini inaongeza. Kimkono cha kushoto ni cha moto wa plagi: kikiwa juu moto unachelewa, kikishuka unawahi. Ule mkono mrefu unaotoka sakafuni ukiuvuta nyuma kabisa unafunga breki ndogo za magurudumu ya nyuma na kuliacha gari huru. Ukiwa wima ni huru tu.

Dereva wa magari ya leo akishtuka, mguu wa kushoto hukanyaga hadi chini wenyewe, akidhani ni klachi. Kwenye Model T hapo ameingiza gia ya nguvu na gari linasukuma mbele, kwenye kile kilichomshtua. Kaa kwenye kiti, injini imezimwa, ufanye mazoezi nusu saa nzima: mtu akuambie "simama", wewe ulete pedali ya kushoto katikati na ukanyage ya kulia. Usione aibu. Miguu haisikilizi maelezo, inasikiliza mazoezi.

Difu kabla ya kitu chochote

Breki ya mguu ya gari hili haiko magurudumuni. Iko ndani ya giaboksi, ambako bendi, yaani ukanda wa kubana, inabana dramu, na nguvu ya kusimamisha inapita kwenye propela (fimbo ndefu inayokwenda nyuma), kwenye difu (kikasha cha gia kilicho katikati ya ekseli ya nyuma), kwenye ekseli, ndipo inafika kwenye magurudumu ya nyuma. Ndani ya difu kiwandani waliweka washa nene za babiti, madini laini ya kijivu, kuzuia gia kubwa isisogee pembeni. Babiti ile ikizeeka inapasuka na kumeguka kama biskuti. Ikiisha, gia kubwa inaikimbia pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na meno hayakutani tena. Hapo huna gia ya mbele, huna rivasi, huna breki ya mguu. Unabaki na ule mkono mrefu tu.

Fungua plagi ya kujazia oili ya difu, ingiza waya uliokunja ncha, uchote kilicho chini. Kipake kwenye karatasi nyeupe, kisha kisage kati ya kidole gumba na cha shahada. Chembe za kijivu zinazong'aa, ambazo sumaku haizivuti, ni babiti. Zikivutwa na sumaku ni chuma cha meno, nalo ni tatizo, ila la aina nyingine. Usipokuta kitu usijipe moyo haraka, maana oili inaweza kuwa ilibadilishwa juzi ili gari liuzike. Kama hakuna mtu wa kukuthibitishia kwa macho yake kwamba washa za babiti zilitolewa zikawekwa za bronzi, shusha ekseli uifungue. Ni kazi ya siku mbili kwa fundi asiye na haraka. Mimi siendeshi gari hili hata mita mia bila kujua habari za difu yake, na sijutii siku hata moja niliyoipoteza kwa ajili hiyo.

Wakati uko huko nyuma, angalia nati kubwa za habu (kitovu cha gurudumu) kama zina spliti pini za kuzizuia zisifunguke, na zivute magurudumu kwa mikono miwili. Ekseli inaingia kwenye habu kwa mwinamo na kubanwa na kii ndogo, kipande cha chuma kinachozifanya zizunguke pamoja. Nati ikilegea, habu inacheza, inaila kii, na mwisho inaila ekseli yenyewe. Breki ndogo za mkono nazo uzipime sasa: vuta mkono, sukuma gari mkiwa wawili. Likienda, zirekebishe kwanza. Ndizo akiba yako pekee, isipokuwa kama aliyekutangulia alifunga breki za ziada za nje, ambazo ziliuzwa tangu zama zile.

Usukani na magurudumu

Inua mbele kwa jeki. Shika tairi juu na chini, tikisa. Kisha kushoto na kulia, tikisa. Mwenzako alale chini aangalie kinachocheza: beringi, pini za kugeuzia, tairodi, au ile fimbo yenye umbo la V inayotoka kwenye ekseli ya mbele na kuishia kwenye mpira wa chuma chini ya injini. Mpira huo wengi huusahau. Kifuniko chake kikilegea, ekseli nzima inahama kidogo kila unapokanyaga breki na gari linavuta upande bila sababu ya kuonekana.

Shusha gari, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Viungo vikiwa vimelika sana, mkono wa usukani unaweza kupita katikati ya mzunguko wake na kukwama upande wa pili, na magurudumu yanabaki yamekunjwa wakati wewe unayarudisha. Mtu aliyewahi kukutwa na jambo hilo kwenye kona hasahau. Gia za usukani zimo chini tu ya usukani wenyewe, kwenye kikasha kidogo cha shaba. Fungua, safisha, tia grisi mpya.

Spoki za mbao zigonge moja moja kwa mpini wa nyundo. Iliyokaza inatoa mlio mkavu mfupi. Iliyolegea inajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Gari lililokaa Mombasa likipandishwa kwenye ukavu wa bara, mbao zake husinyaa na magurudumu yakaanza kulia kama kitanda cha kamba. Watu humwagia maji magurudumu yavimbe. Yanavimba kweli, kwa siku chache, kisha yanasinyaa kuliko mwanzo na mbao inaanza kuoza. Peleka kwa seremala anayejua magurudumu, abadilishe spoki. Tairi za aina ya zamani zinazoshikwa na ukingo wa rimu zinataka upepo mwingi, karibu 60 kwa kipimo cha psi. Ukiziendesha na upepo wa tairi za kisasa zitateleza kwenye rimu na kung'oa shina la valvu.

Oili, maji, petroli

Hapa ni haraka. Chini nyuma ya injini kuna koki mbili, moja juu ya nyingine. Fungua ya juu: oili ikitoka, imezidi. Fungua ya chini: isipotoka, imepungua na usiwashe. Inatakiwa iwe kati. Uwezo wake ni karibu lita 3.8, na oili hiyohiyo inahudumia injini na giaboksi. Tumia nyepesi.

Maji yafike juu ya tundu la hozi ya juu, la sivyo mzunguko unakatika. Petroli ipime kwa kijiti kikavu tangini, ambalo kwa mengi liko chini ya kiti. Chini ya tangi kuna kikombe cha kukusanya uchafu. Kimwage kwenye chupa ya kioo uangalie kama kuna maji na kutu.

Kuwasha

Weka kabari magurudumuni. Vuta mkono mrefu nyuma kabisa. Hili si pambo: asubuhi ya baridi oili inakuwa nzito ndani ya klachi, na gari linaweza kutambaa mbele mara injini inapoitika, likimkuta aliyeshika hendeli amesimama palepale.

Pandisha kimkono cha moto juu kabisa, yaani moto uchelewe. Shusha resi meno matano au sita. Swichi ikiwa imezimwa, vuta waya wa choki ulio mbele karibu na rejeta na uivute hendeli kwenda juu mara mbili au tatu. Achia choki. Washa swichi. Sasa shika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kisha vuta kwenda juu. Usiisukume kwenda chini kamwe. Moto ukiwahi, injini inarudisha hendeli kwa teke, na mkono uliokuwa unasukuma chini au kidole gumba kilichozunguka mpini huvunjika.

Kabla ya kuwasha kabisa kuna kipimo cha bure. Zungusha hendeli polepole na uhisi mgandamizo wa silinda zote nne, moja baada ya nyingine. Ziwe sawa mkononi. Moja ikipita laini, iandike. Baadaye tia kijiko cha oili kwenye tundu lake la plagi uzungushe tena: ikikaza, ringi za pistoni zimechoka, isipokaza, ni valvu au gasketi. Usitafute skrubu ya kurekebishia valvu kwenye injini ya asili, haina.

Kulisikiliza likiwa limesimama

Hapa ndipo sehemu kubwa ya kazi. Ukiwa na haraka, iache haraka hiyo hapa.

Kila silinda ina koili yake, kifaa kinachoipa plagi moto, ndani ya sanduku la mbao, na kila koili ina ulimi mdogo wa chuma unaotetema. Zikiwa nzima unasikia mvumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Mvumo ukichechemea, kuna ulimi unaosita. Injini ikishapata joto, ibadilishe swichi kutoka betri kwenda magneto, yaani umeme unaozalishwa na injini yenyewe, bila kugusa resi. Mwendo wa injini unatakiwa upande kidogo. Ukishuka, au injini ikaanza kukohoa, usikimbilie kusema magneto imekufa. Juu ya kifuniko cha giaboksi kuna plagi ya waya wa magneto yenye springi ndogo inayogusa ndani. Bendi za giaboksi zinapolika hutoa nyuzinyuzi za pamba, zinaelea kwenye oili na kujikusanya pale mguso ulipo. Itoe plagi hiyo, ifute, irudishe. Nusu ya magneto "zilizokufa" zinafufuka hapo, kwa dakika tano na kitambaa.

Sasa misi. Injini ikimisi, fungua mfuniko wa sanduku la koili na uchukue vijiti viwili vya mbao kavu. Bonyeza ndimi za koili ya kwanza na ya nne zisitetemeke. Injini inabaki na silinda ya pili na ya tatu tu. Zikilipuka sawasawa, tup-tup-tup bila kuruka, basi mgonjwa ni ya kwanza au ya nne. Iachie ya nne na ubonyeze ya kwanza, ya pili na ya tatu. Injini ikiendelea kusukuma kwa silinda hiyo moja, ya nne ni nzima na mgonjwa ni ya kwanza. Ukishampata, usibadilishe plagi bado. Hamisha koili yake kwenye nafasi ya jirani. Misi ikihama na koili, ubovu ni wa koili: safisha na panga nafasi ya ncha zake, karibu milimita 0.8. Misi ikibaki palepale, fuata njia ya moto: waya, plagi, taima iliyo mbele ya injini (kifaa kinachoipa kila koili zamu yake), na mwisho mgandamizo ulioandika daftarini.

Taima inapenda usafi. Misi inayohama kutoka silinda hii kwenda ile bila utaratibu karibu kila mara ni taima yenye uchafu au iliyolika, au waya zake zilizopasuka kwa kukunjwa kila kimkono cha moto kinaposogezwa. Ikunje waya kwa vidole injini ikiwa inaunguruma. Ikibadilika sauti, umepata.

Kabureta nairudisha nyuma makusudi, kwa sababu kila mtu huanzia kwayo. Injini ikiwa moto na moto wa plagi ukiwa sawa kwa silinda zote, funga sindano ya kupimia petroli polepole hadi injini ianze kusita, kisha fungua hadi itulie, na kidogo zaidi. Huishia kwenye mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu kutoka ilipofungwa kabisa. Nairobi hewa ni nyepesi, hivyo sindano hutakiwa ifungwe zaidi kuliko Mombasa. Gari lililopangwa pwani likipanda huku litatoa moshi mweusi na kunuka petroli.

Mita mia tano za kwanza

Chagua barabara tambarare isiyo na magari, mapema asubuhi ya Jumapili. Awepo mtu wa pili pembeni yako na gari jingine nyuma likiwasha taa za tahadhari. Beba kizima moto, kabari, maji, spana na waya.

Ondoka kwa gia ya nguvu: pedali ya kushoto chini, mkono mrefu mbele, resi kidogo. Injini ikipanda sauti lakini gari likisita kwenda, bendi ya gia ya nguvu inateleza. Hiyo hurekebishwa kwa skrubu iliyo nje, ubavuni mwa kifuniko cha giaboksi. Gari likipata mwendo wa mtu anayekimbia, punguza resi na uiachie pedali iingie gia ya mwendo. Ikiteleza hapo, tatizo ni klachi yenyewe: vidole vyake vitatu vya kubana vina skrubu, na kila kimoja kikazwe kwa kiasi kilekile, nusu mzunguko kwa wakati.

Kisha breki, kabla hujafurahia chochote. Ukiwa kwenye kilomita 15 kwa saa, kanyaga pedali ya kulia kwa utulivu. Ishike mapema, ikishika kabisa, ibaki imesimama juu ya ubao wa sakafu kwa vidole viwili hivi. Ikigusa ubao, geuza gari urudi. Rudia jaribio kwa pedali ya rivasi: ikikanyagwa polepole gari likienda mbele, nayo inasimamisha, na madereva wa zamani waliitumia hivyo ili kugawana uchakavu kati ya bendi. Rudia kwa mkono mrefu. Unahitaji njia tatu za kusimama zinazofanya kazi kabla ya kusogea kilomita ya pili.

Bendi za breki na rivasi hurekebishwa ndani, chini ya kifuniko kidogo cha giaboksi. Kabla hujagusa nati yoyote pale, tandika kitambaa chini yake, na kila nati unayoitoa ifunge uzi, ncha ya uzi ikining'inia nje. Nati moja ikidondoka ndani ya giaboksi inaweza kukwama kati ya dramu na kuvunja kila kitu. Bendi ukizikaza kupita kiasi zitaburuta, giaboksi itapata moto na gari litakataa kukaa huru: unasimama, nalo linaendelea kutambaa.

Safari ya kilomita kumi

Sasa sikia. Utakaposikia mlio, jiulize kwanza unafuata nini: mzunguko wa injini au mzunguko wa magurudumu? Njia ya kujua ni rahisi. Kwenye tambarare, weka mkono mrefu wima gari liende lenyewe, injini ipoe sauti. Mlio ukiendelea na kupungua pamoja na mwendo, uko kwenye magurudumu, ekseli, difu au propela. Ukikatika, uko kwenye injini.

"Tak" moja kwa kila mzunguko wa gurudumu: spoki au habu. "Duk" unapobadilisha kutoka mbele kwenda rivasi: kii ya habu, krosi ya propela, au difu iliyolika. Mlio wa kusaga unaopanda na mwendo: difu tena, na hapo safari imekwisha.

Upande wa injini, jaribu kimkono cha moto kwanza. Kugonga kwa kengelekengele unapopanda au unapoongeza resi, kukipotea ukipandisha kimkono meno mawili, ni moto uliowahi mno, hakuna kilichovunjika. Kugonga kusikojali moto ndiko kwa kuogopa. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, ikilegea hugonga kwa wepesi na haraka, na husikika wazi unapopunguza resi ghafla ukiwa kwenye kilomita 40 hivi. Simama pembeni, rudia sauti ile kwa resi, na ubonyeze koili moja moja. Silinda ambayo ukiikata mlio unapungua au kubadilika ndiyo yenye konrodi hiyo. Kugonga kuzito kwa chini kunakosikika gari likibeba mzigo mlimani ni beringi za krankshafti. Mlio mkavu wa asubuhi unaokwisha injini ikipata joto ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Unaweza kuishi nao muda mrefu.

Konrodi ya kwanza, ile ya mbele, ichunge kuliko zote. Oili inarushwa na flaiwili huko nyuma, inapelekwa mbele kwa kibomba chembamba kisha inarudi ikishuka. Kwenye mlima mrefu oili yote inakimbilia nyuma, na kibomba kile kikiwa kimeziba na nyuzi za bendi, konrodi ya mbele inakauka. Hivyo siku ya majaribio usipande mlima mrefu. Mlima mfupi unatosha.

Mlima huohuo utakuonyesha petroli. Tangi kwa mengi liko chini ya kiti na hakuna pampu. Gari likiinua pua na petroli iko chini, kabureta inakuwa juu ya tangi na injini inazima. Dawa ya zamani ni kugeuza na kupanda kwa rivasi, na si masihara, ilifanyika kila siku.

Lakini si kila kuzima ni mlima. Kuna gari moja lilitutesa siku mbili, mimi na mzee aliyenifundisha kazi. Linaenda vizuri kilomita tatu, linakohoa, linazima. Ukikaa dakika kumi linawaka kama halikuwa na neno. Nikabadilisha koili zote nne. Nikafungua kabureta mara mbili. Nikasafisha kikombe cha uchafu. Siku ya pili mchana, limezima kandokando ya barabara, mzee akaniambia, "Mwanangu, acha spana. Fungua mfuniko wa tangi, kisha unyamaze." Nikaufungua, tukasikia fyuuu, hewa ikiingia. Mfuniko ulikuwa umepakwa rangi mpya nzuri nyeusi, na tone la rangi limeziba kitundu chake cha kupumulia. Petroli ilikuwa inajivuta yenyewe hadi inashindwa kushuka. Nilikizibua kwa sindano ya kushonea. Tangu hapo, gari likizima barabarani, mkono wangu unakwenda kwenye mfuniko kabla ya kwenda kwenye sanduku la spana.

Likichemsha, angalia kimkono cha moto kwanza: je, umeendesha na moto umechelewa? Kimkono kilichosahaulika juu ndicho kinachochemsha magari haya kuliko kitu kingine. Kisha maji yaliyopungua, mkanda wa feni, na sindano iliyofungwa mno. Mwisho gusa rejeta: juu iwe moto sana, chini iwe vuguvugu. Ikiwa na sehemu baridi katikati, mirija imeziba humo. Kumbuka pia kwamba Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi karibu 94, si 100, hivyo nafasi uliyo nayo ni ndogo. Mapovu yanayopanda rejetani tangu injini ikiwa bado baridi ni gasketi ya silinda hedi.

Ukirudi

Usizime na kwenda kunywa chai. Gusa habu zote nne kwa kiganja, kisha difu na giaboksi. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, kuna beringi inayolia au bendi inayoburuta. Tandaza gazeti chini ya gari ulikute kesho: oili iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma inatoka kwenye difu kupitia ekseli, na itafika kwenye breki ndogo. Toa plagi, zipange kwa namba: nyeusi ya masizi ni petroli nyingi, nyeusi ya mafuta ni ringi, nyeupe ni petroli kidogo, kahawia ya udongo ndiyo tunayoitaka.

Kaza upya bolti 15 za silinda hedi injini ikiwa imepoa, kuanzia katikati kwenda pembeni. Pima oili kwa zile koki mbili na uandike imepungua kiasi gani kwa kilomita kumi. Baada ya kilomita 50 za kwanza, toa spliti pini za habu za nyuma, kaza nati tena, maana karibu kila mara zitakubali robo mzunguko, kisha weka spliti pini mpya.